SOMO LA AFYA: MKUNGA WETU NAYE ANA HAKI

Tuanze somo la leo kwa mfano. Mfano huu si habari ya mtu fulani. Tumeutunga ili tufundishane. Lakini huenda ukaona unafanana na mambo ya kijiji chako.

Fikiria zahanati moja katika uwanda wa juu wa Ufipa. Ni mwezi wa Januari. Mvua imenyesha kutwa nzima. Barabara ya kwenda Sumbawanga imejaa matope. Saa 7 usiku watu wanne wanafika wakiwa wamembeba mama mjamzito kwa machela. Uchungu ulimwanza jioni. Wanagonga mlango wa nyumba ya mkunga. Mkunga anaamka, anajifunga kitenge, anachukua tochi na kutoka nje.

Wale watu wanashtuka. Mkunga mwenyewe ana mimba kubwa. Zimebaki wiki 5 ajifungue.

Katika zahanati ile hakuna mkunga mwingine. Mganga ni mwanamume, naye yuko mjini kwenye semina. Semina iliyopita alikwenda yeye. Ya kabla ya hiyo pia alikwenda yeye.

Mkunga anamhudumia yule mama mpaka alfajiri. Anainama, anapiga magoti, anabeba maji. Mwishowe mtoto analia. Watu wanafurahi na kumshukuru Mungu. Kisha wanarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: "Dada, na wewe utazalishwa na nani?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA?

Huenda msomaji mmoja atasema: "Ukurasa huu ni wa afya. Tufundisheni juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mambo ya kazi na mishahara ni ya wakubwa wa Halmashauri."

Ndugu, usiseme hivyo. Dawa haijichomi yenyewe. Mtoto hajipimi uzito mwenyewe. Kila huduma ya afya inapita katika mikono ya mtu. Katika nchi yetu mikono hiyo mara nyingi ni ya mwanamke. Mikono hiyo ikichoka kupita kiasi, inakosea. Mwenye mikono hiyo akinyanyaswa, anavunjika moyo. Akivunjika moyo, anaomba uhamisho. Akihama, zahanati inabaki na kufuli mlangoni. Anayeumia basi si yeye peke yake. Ni mama yako, mke wako na mtoto wako.

Tazama faida tuliyokwisha kuipata. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 waliozaliwa Tanzania, 63 walizaliwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa sasa ni 81. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi navyo vilishuka. Vilikuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 2022 vilikuwa 104.

Sababu za maendeleo hayo ni nyingi. Barabara, dawa, magari ya wagonjwa na elimu vimesaidia. Lakini majengo peke yake hayazalishi. Anayekaa na mama mwenye uchungu usiku kucha ni mkunga.

Mkulima wa Ufipa anaifahamu siri ya matuta ya ntumba. Majani hufukiwa chini ya udongo. Ukipita barabarani huyaoni. Lakini mazao hustawi kwa nguvu ya majani yale. Kazi ya wanawake katika afya ni kama majani yale. Haionekani, lakini ndiyo inayotulisha.

HESABU NDOGO

Sasa tufanye hesabu. Chukua punje 10 za mahindi uzipange mezani. Hao ni wafanyakazi 10 wa afya na ustawi duniani. Ondoa punje 7 uziweke kando. Hizo 7 ni wanawake. Zinazobaki 3 ni wanaume. Ndivyo lilivyosema Shirika la Afya Duniani mwaka 2019.

Sasa chukua punje 4. Hizi ni nafasi 4 za uongozi wa juu katika kazi hiyo hiyo. Ondoa punje 1. Hiyo 1 tu ndiyo ya mwanamke. Zile 3 ni za wanaume.

Unaona? Kwenye kazi wanawake ni wengi. Kwenye viti vya kuamua wanawake ni wachache.

Hesabu ya tatu ni ya mshahara. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani yalitoa taarifa ya pamoja. Taarifa ilisema kuwa katika kazi za afya, mwanamume akipata shilingi 100, mwanamke hupata kama shilingi 80. Wakilinganishwa watu wenye umri, elimu na saa za kazi zinazolingana, mwanamke hupata kama shilingi 76. Hiyo ni hesabu ya nchi nyingi zikiwekwa pamoja.

Msomaji atauliza: "Lakini serikalini mshahara hupangwa kwa ngazi. Muuguzi mwanamke na muuguzi mwanamume wa ngazi moja hulipwa sawa. Tofauti inatoka wapi?"

Swali hilo ni zuri. Ni kweli, ngazi ya mshahara haiulizi kama wewe ni mke au mume. Lakini kuna mambo yanayomfanya mwanamke akae kwenye ngazi ya chini muda mrefu. Tuyatazame moja moja.

UBAGUZI UNAVYOONEKANA

1. Nafasi za masomo. Ili upande cheo lazima usome zaidi. Mara nyingi masomo yako mbali na nyumbani, na huchukua miezi au miaka. Mwanamume huaga, hufunga mzigo na kuondoka. Mkewe hubaki na watoto. Mwanamke akipata nafasi hiyo huulizwa: "Watoto utamwachia nani? Mumeo amekubali?" Mwaka unapita, nafasi inapewa mtu mwingine. Pengine mkubwa wa kazi hamwambii kabisa, kwa sababu ameshaamua moyoni kuwa mwanamke yule hataweza kwenda.

2. Kazi mbili kwa siku moja. Mkunga akimaliza zamu anakwenda nyumbani. Huko kuna maji ya kuteka, kuni za kutafuta, ugali wa kusonga na watoto wa kuogesha. Wakati wa kulima kuna jembe pia. Mganga mwanamume akimaliza zamu mara nyingi hukaa, akapumzika, au akasoma vitabu vyake. Wote wawili wametoka kazini. Lakini mmoja ameingia kazi ya pili.

3. Majina tunayowaita. Sikiliza wananchi wakiwa kwenye foleni ya zahanati. Mwanamume akipita na koti jeupe, hata kama ni kijana aliyeanza kazi juzi, wanasema: "Daktari amefika." Mwanamke mwenye cheti na miaka 20 ya kazi akipita, wanasema: "Huyu binti anachelewesha watu." Wako wanaokataa kueleza ugonjwa wao mpaka mwanamume aje. Wako wanaomtukana mkunga kwa kosa la dawa kuisha, kana kwamba dawa anazitengeneza yeye. Kosa hili si la Serikali. Ni letu sisi wananchi.

4. Kutakwa kimapenzi na wakubwa. Hili ni jambo chafu, lakini tulitaje wazi. Yuko mkubwa wa kazi anayemwambia mwanamke aliye chini yake: "Ukinikubali, nitakuandika kwenye orodha ya masomo. Ukinikataa, nitakupeleka bondeni kule ambako gari hufika mara moja kwa wiki." Hiyo si mapenzi. Hiyo ni rushwa ya ngono. Mwanamke akiikataa anaweza kukaa miaka bila kupanda cheo, na watu wakasema hana bidii.

5. Kazi bila malipo. Kwa miaka mingi vijiji vyetu vimekuwa na wakunga wa jadi na wahudumu wa kujitolea. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapima watoto, wakawasindikiza wajawazito zahanati. Malipo yao yalikuwa asante, na pengine kuku au debe la mahindi. Watu walisema: "Akina mama wana huruma, kazi hii ni yao." Huruma ni jambo jema. Lakini huruma hainunui daftari wala sabuni.

Tarehe 31 Januari, 2024 Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ya jamii. Lengo ni kupata wahudumu 137,294 katika miaka 5, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Wahudumu hao hupewa mafunzo na posho. Huo ni mpango mzuri. Lakini tuwe macho. Kazi ilipokuwa ya bure tulisema ni ya akina mama. Isije ikawa baada ya kupata posho tunasema ni ya vijana wa kiume. Kitongoji kikipeleka wanaume wawili, je, mama aliyejifungua juzi atamweleza nani habari za matiti yenye vidonda?

SHERIA INASEMA NINI?

Wafanyakazi wengi hawajui haki zao. Wengine wanazijua lakini wanaogopa kuzidai. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hii inamlinda muuguzi wa Serikali, wa hospitali ya misheni na wa zahanati ya mtu binafsi. Tutaje mambo yake machache:

(a) Ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsi yake, mimba yake au ndoa yake. Kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa.

(b) Mfanyakazi mwanamke akijifungua ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo. Akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, likizo ni siku 100.

(c) Amjulishe mwajiri wake angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.

(d) Katika miezi 2 ya mwisho ya mimba, mwajiri asimpangie kazi ya usiku. Usiku kwa sheria hii ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi.

(e) Baada ya kujifungua asirudi kazini kabla ya wiki 6 kwisha, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza.

(f) Akirudi kazini apewe muda wa kumnyonyesha mtoto, usiozidi jumla ya saa 2 kwa siku.

(g) Kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba ni kosa.

(h) Baba wa mtoto naye, kama ni mfanyakazi, ana haki ya likizo ya siku 3 kwa malipo katika wiki ya kwanza. Likizo hiyo si ya kwenda kilabuni. Ni ya kumsaidia mama.

Kuhusu rushwa ya ngono, iko Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mkubwa anayedai mapenzi ili atoe cheo, masomo au uhamisho anavunja sheria hiyo. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113, bila malipo. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Vilevile mfanyakazi aende kwenye chama chake cha wafanyakazi, kama vile TUGHE. Chama si cha kukata michango tu. Kazi yake ni kumtetea mwanachama.

Sasa turudi kwenye mfano wetu. Yule mkunga alikuwa amebakiza wiki 5. Kwa sheria hakutakiwa kufanya kazi usiku. Lakini je, angemwacha mama yule afie mlangoni? Hapana. Yeye ni mkunga, na moyo wake haukumruhusu. Basi kosa ni la nani?

Kosa ni la wote waliojua miezi mingi mapema kwamba mkunga ana mimba, wakakaa kimya. Mimba si mgeni wa ghafla. Inahesabika kwa vidole. Mwajiri alijua. Mganga alijua. Kamati ya zahanati ilijua. Kijiji kizima kiliona. Hakuna aliyeomba mkunga wa kushika nafasi yake.

Hapa ndipo haki ya mkunga na afya ya kijiji zinapokutana. Mkunga akienda likizo bila mtu wa kushika nafasi, wajawazito hawana pa kwenda. Mkunga akikosa likizo, yeye na mtoto wake wako hatarini. Dawa ya matatizo haya mawili ni moja: kupanga mapema.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Hatua ya 1: Kuomba mkunga wa muda. Wanakamati wazungumze kwanza na mkunga mwenyewe, kwa heshima na kwa faragha. Wasitangaze habari zake kwenye mkutano kabla hajakubali. Akisha kukubali, kamati iandike barua. Tusisahau miezi ya mvua. Akitarajia kujifungua Januari, barua iende mwezi wa Oktoba, barabara zikiwa bado kavu. Huu hapa mfano wa barua:

Kamati ya Zahanati,
Kijiji cha ..............................
Tarehe ..............................

Mganga Mkuu wa Wilaya,
Halmashauri ya ..............................

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Ndugu,

YAH: KUOMBA MKUNGA WA MUDA

Mkunga wetu anatarajia kujifungua mwezi wa .............................. Ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84. Pia hapaswi kufanya kazi usiku katika miezi 2 ya mwisho ya mimba. Zahanati yetu haina mkunga mwingine. Tunaomba utuletee mkunga wa kushika nafasi yake kuanzia tarehe .............................. Kijiji kimeandaa chumba cha kulala. Tunaomba jibu kabla ya tarehe ..............................

Wako katika kazi,
..............................
Mwenyekiti wa Kamati

Andikeni nakala 2. Moja ipelekeni, moja iwekeni kwenye jalada la kijiji. Asiyeandika hana la kuonyesha. Jibu lisipofika kwa tarehe mliyotaja, mtumeni diwani aulize kwenye Baraza la Madiwani.

Hatua ya 2: Nyumba na mwanga. Mkunga anayepanga chumba mbali na zahanati hutembea gizani usiku. Kuna mbwa, kuna walevi, kuna watu wabaya. Kijiji kinaweza kufyatua matofali na kusomba mchanga ili ipatikane nyumba karibu na zahanati. Mpaka nyumba ipatikane, wale wanaokuja kumwita usiku wamsindikize kwenda na kurudi. Wawe watu wanaofahamika, na mmoja wao awe mwanamke.

Hatua ya 3: Maji. Uzazi bila maji ni hatari. Katika zahanati isiyo na bomba, anayeteka maji kwa kawaida ni mhudumu mwanamke. Anaacha wagonjwa, anakwenda kisimani na ndoo kichwani. Kijiji kipange zamu ya kuteka maji, wanaume wakiwemo. Mwenye baiskeli anaweza kubeba madumu 3 kwa safari moja. Wananchi wakikusanya nguvu, wajenge tangi la kuvuna maji ya mvua ya paa. Mvua ya Ufipa ni nyingi, lakini tunaiacha iende zake mabondeni.

Hatua ya 4: Wanawake kwenye kamati. Hesabuni wajumbe wa kamati yenu ya zahanati. Wanawake ni wangapi? Na je, wanasema, au wanapika chai tu? Wanaume 6 wakikaa peke yao kuzungumza juu ya chumba cha kuzalia, watasahau pazia.

Hatua ya 5: Nyumbani. Mume wa mkunga, sikiliza. Mkeo akitoka zamu ya usiku, mwache alale. Uji wa ulezi unaweza kuukoroga wewe. Mwiko hauna jinsi. Nanyi waume wengine vilevile. Mwanamke akipata nafasi ya masomo, mume asiwe mlango uliofungwa. Akipanda cheo, nyumba nzima imepanda.

Hatua ya 6: Ulimi wetu. Mkunga aitwe kwa cheo chake: Mkunga, Muuguzi, au Mama Mkunga. Kama kuna malalamiko, yapelekwe kwa mganga mfawidhi au kamati ya zahanati. Matusi hayaleti dawa.

KWA WAFANYAKAZI WA AFYA WENYEWE

Dada muuguzi, nawe una wajibu wako. Jua tarehe uliyopanda cheo mara ya mwisho. Weka nakala ya barua zako zote mahali pakavu. Ukiomba masomo, omba kwa barua, usiombe kwa mdomo tu. Ukikataliwa, uliza sababu kwa barua. Ukitishwa na mkubwa, andika siku, saa na maneno aliyosema, kisha mweleze mtu unayemwamini. Kimya humlinda mwenye kosa.

Wala unyonge wako usiumwage kwa mgonjwa. Wako wauguzi ambao wakionewa na wakubwa nao huwafokea wajawazito. Huko ni kumpokeza mwenzako mzigo wa mateso. Mjamzito naye ni mwanamke kama wewe.

Kaka mganga, nawe usikae pembeni. Zamu za usiku na nafasi za semina ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kila mtu azione. Kama umekwenda semina mara 2, ya tatu aende mwenzako.

WALIOTANGULIA

Watu wa Ufipa na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanamkumbuka Daktari Adrian Atiman. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu kwa zaidi ya miaka 60, akafariki mwaka 1956. Hospitali moja mjini Sumbawanga ina jina lake. Anastahili heshima hiyo.

Lakini jiulize. Katika miaka yote hiyo ni wanawake wangapi walizalisha, waliuguza na kuosha vidonda katika nchi hii ya Ufipa? Masista, wakunga wa jadi, wauguzi. Majengo mangapi yana majina yao? Huenda nyanya yako alikuwa mmoja wao. Mwulize mama yako jina la mwanamke aliyekupokea ulipozaliwa. Kisha liandike kwenye daftari lako. Sasa unajua kuandika.

Tena wako waliofungua njia. Profesa Esther Mwaikambo alikuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari. Alisomea huko Moscow katika miaka ya 1960, akawa bingwa wa magonjwa ya watoto. Mwaka 1987 yeye na wenzake walianzisha Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA. Tangu wakati huo wanawake wengi wamekuwa madaktari, na Wizara ya Afya yenyewe imewahi kuongozwa na wanawake zaidi ya mara moja. Binti yako anayesoma shule ya msingi leo naye anaweza.

Hata hivyo, waziri mwanamke Dodoma haondoi giza la zahanati ya kijijini. Giza hilo linaondolewa na watu wa kijiji wanaokaa, wakapanga, wakaandika barua na kufyatua matofali.

MWISHO

Ndugu msomaji, tumejifunza kuwa mkunga si mashine ya kuzalisha. Ni mfanyakazi mwenye haki. Ni mama mwenye mwili unaochoka. Haki yake ikipotea, usalama wa wajawazito wote wa kijiji unapotea pamoja naye.

Safari nyingine ukipeleka mgonjwa usiku, na mkunga akakufungulia mlango, mshukuru. Kisha asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati ukamwulize: "Mkunga wetu akijifungua, nani atamzalisha? Na nani atashika nafasi yake?" Kama mwenyekiti hana jibu, mpe somo hili alisome.

MAANA YA MANENO

Haki: jambo ambalo mtu anastahili kupewa kwa sheria.
Kubagua: kumtenga mtu au kumnyima kitu kwa sababu ya jinsi, kabila, dini au hali yake.
Likizo ya uzazi: siku ambazo mfanyakazi aliyejifungua hupumzika huku analipwa.
Mganga mfawidhi: mkubwa wa kazi katika zahanati au kituo cha afya.
Rushwa ya ngono: kudai mapenzi ili utoe huduma, kazi au cheo.
Zamu: wakati wa mtu kufanya kazi kwa kupokezana na wenzake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mkunga wa katika mfano alifanya kazi usiku, ingawa sheria inamkinga? Nani wangeweza kuzuia jambo hilo?
2. Mfanyakazi anatarajia kujifungua mwezi wa Aprili. Amjulishe mwajiri wake kabla ya mwezi gani?
3. Likizo ya uzazi ni siku 84. Gawanya kwa 7. Hizo ni wiki ngapi?
4. Kamati ya zahanati yenu ina wajumbe wangapi? Wanawake ni wangapi?
5. Mkunga wenu analala wapi? Maji ya zahanati yanatoka wapi, na nani anayateka?
6. Nakili ile barua kwenye daftari lako. Jaza nafasi zilizo wazi kwa majina ya kijiji chako na Halmashauri yako. Isomeni pamoja katika kikundi.